Sifa za Klachi Itelezayo

Klachi itelezayo ni klachi iliyoacha kushika sawasawa. Mwendeshaji akinyonga resi, injini hunguruma kana kwamba imeingia mashindanoni, huku gurudumu la nyuma likiendelea kwa adabu zake. Katika maradhi yote ya pikipiki kuukuu, hakuna linalotukanwa kama hili, na hakuna linalostahili heshima zaidi. Breki hukatika bila kuaga. Tairi hupasuka bila hodi. Klachi peke yake ndiyo hubisha mlango wiki kadhaa kabla ya kuingia, na mwenye nyumba akijifanya hasikii, hurudi kesho yake ikabisha tena.

Mahali pazuri pa kuisoma tabia hii ni Gatsata, sekta ya wilaya ya Gasabo jijini Kigali, jirani kabisa na kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kwenye barabara iendayo mpaka wa Gatuna. Bondeni ziko gereji na maduka ya spea. Juu umesimama mlima Jali na minara yake ya mawasiliano. Ramani yenyewe imekaa kana kwamba ilichorwa na klachi: dawa chini, mtihani juu. Pikipiki nzima hupita hapo bila kusalimu mtu. Yenye klachi iliyochoka husimama, na ikisimama hula fundi, hula muuza spea, hula na muuza chai ya maziwa, maana mwenye pikipiki hana pa kwenda mpaka kazi iishe. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini mafundi hawakuwa wameisubiri sheria hiyo ili kugombana na mteja juu ya bei ya pleti. Wenye mazoea ya Kifaransa huiita klachi ambreyaji. Kwa jina lolote, huteleza vilevile.

Kwa nasaba, klachi haina haja ya kuona haya. Pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ili iuzwe, Hildebrand & Wolfmüller ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1894, haikuwa nayo kabisa: vyuma vilitoka kwenye pistoni moja kwa moja hadi gurudumu la nyuma. Gurudumu likisimama, injini nayo imekufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Mwingereza Henry Selby Hele-Shaw alibuni klachi ya pleti nyingi zinazofanya kazi ndani ya mafuta, na pikipiki karibu zote za gia zinazoonekana kwenye milima ya Rwanda zinatumia wazo la ukoo huohuo. Kwa hiyo anayeitukana klachi yake pale Nyabugogo anamtukana mjukuu wa watu.

Mfano mwema ni Yamaha AG100, pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya mashambani tangu miaka ya 1970, ambayo ilisambaa Afrika mikononi mwa mabwana shamba, madaktari wa mifugo, mashirika ya misaada na mapadri wa parokia za milimani. Injini yake ni ya mipigo miwili. Klachi inakaa upande wa kulia, ndani ya oili ya gia, ambayo haichanganyiki na ile inayoungua pamoja na petroli. Ndani ya kijumba chenye mipasuo hupangwa pleti zenye bitana, zamani ya kizibo na sasa ya mchanganyiko wa karatasi na utomvu, zikipishana na pleti tupu za chuma. Zenye bitana huzungushwa na injini. Za chuma huzungusha gia. Springi huzibana zote kama mkate uliopakwa siagi. Mkono wa klachi ukivutwa, waya husukuma kijiti, kijiti huziachanisha, na pande mbili hazidaiani tena.

Fadhila ya kwanza ya kuteleza inatokana na mpangilio huo. Nguvu ikizidi, lazima kitu kikubali kushindwa. Klachi isingekubali yenyewe, ungekubali mnyororo, au jino la gia, na jino la gia halinunuliwi kwa bei ya bitana. Hapa wahenga walikwisha kusema kwamba kuteleza si kuanguka, ingawa hawakuwa wakifikiria oili. Fadhila ya pili ni usalama barabarani: hakuna askari wala kamera iliyowahi kumzuia mwendo kijana mwenye haraka kwa upole kama klachi inayoshika nusu. Fadhila ya tatu ni ya kijamii. Mlimani, abiria mnene hushuka bila kuambiwa, akatembea kando ya pikipiki akizungumza na dereva kama mtu na ndugu yake. Klachi nzima haijawahi kuleta mazungumzo ya namna hiyo.

Wapo wanaodhani wameiepuka. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa kazi ya kubeba abiria Kigali. Zinazosajiliwa ni za umeme, na mota ya umeme hutoa nguvu kuanzia mzunguko wa kwanza, kwa hiyo haihitaji klachi. Maendeleo hayo hayapingwi. Ila dereva wa umeme akizimikiwa njiani hupata taarifa tu, hapati nasaha.

Nasaha hutolewa kwa utaratibu. Kuteleza huanza kwenye gia kubwa, penye mlima na mzigo, kisha hushuka gia moja baada ya nyingine. Kipimo ni rahisi: barabara ikiwa imepanda, gia ya juu imeingia, resi hufunguliwa ghafla. Sauti ikipanda na mwendo usipande, mgonjwa amekiri. Harufu ya kuungua ikifuata, amekiri mara mbili.

Hata hivyo haki inadai klachi isihukumiwe kabla ya waya wake. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 3 penye shina lake kabla ya kuanza kuvuta. Kadiri bitana linavyolika ndivyo mchezo huo unavyopotea, na ukiisha kabisa waya hubaki umevuta muda wote, pleti zikiwa zimeachiwa nusu. Wengi wamenunua pleti mpya kwa kosa la waya. Shahidi wa pili ni oili. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano ni neema kwa injini ya gari na balaa kwa klachi inayoogelea ndani yake. Ndiyo maana Wajapani walitenga kiwango cha JASO MA kwa pikipiki. Mwenye kumimina oili ya gari iliyobaki kwenye dumu ameokoa pesa mpaka mlima wa kwanza.

Waya na oili vikiwa safi, ndipo kifuniko hufunguliwa. Oili humwagwa kwanza, na imwagwe kwenye dumu: mto Nyabugogo uko karibu, unaingia Nyabarongo, na maji hayo hatimaye hufika ziwa Viktoria, ambako hakuna aliyeomba oili ya gia. Hutolewa mkono wa kiki, kisha skrubu za kifuniko, na kila moja irudi kwenye tundu lake maana urefu haulingani. Skrubu za springi hulegezwa kidogo kidogo kwa kupokezana, za mkabala kwanza, ili sahani ya kubania isipinde. Pleti hutoka kwa mpango. Fundi mwenye akili huzilaza chini kwa mpango huohuo.

Hapo ndipo ukweli unapopimwa. Pleti zenye bitana za pikipiki ndogo kama hii huwa na unene wa karibu milimita 3 zikiwa mpya, na upungufu wa milimita 0.3 hivi unatosha kuzistaafisha. Pleti za chuma hulazwa juu ya kioo bapa: inayocheza imepinda, iliyobadilika rangi ya samawati imeungua, na iliyong'aa tu hurudishiwa ukali kwa msasa. Springi hupimwa urefu zote kwa pamoja, kwa sababu springi moja fupi huwaharibia jina wenzake. Mipasuo ya kijumba iliyochimbika huleta ubishi wa gia kuliko kuteleza, na hulainishwa kwa tupa kwa uangalifu.

Iko pia dawa ya mkato: kuweka washa chini ya kila springi ili ibane zaidi. Inafanya kazi. Inafanya pia mkono wa klachi uwe mzito kama wa jembe, waya ukatike mapema, na bitana lililokwisha liendelee kwisha kwa heshima bandia. Ni kumziba mdomo mjumbe.

Pleti mpya huloweshwa kwenye oili kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Zikifungwa kavu huungua siku ya kwanza. Hupangwa kwa kupishana, skrubu hukazwa tena kwa kupokezana na bila ubabe, kwa kuwa nyuzi zake zimekatwa kwenye alumini laini. Gasketi ya zamani haina sababu ya kurudi. Oili mpya hujazwa, mchezo wa waya hurekebishwa, na mtihani hufanywa palepale mgonjwa alipokiri, kwenye mwinuko wa Jali.

Bitana jipya hujikalisha, na mchezo wa waya hubadilika. Baada ya kilomita mia chache mwenye pikipiki arudi Gatsata kuupima tena. Aweke tarehe mwenyewe. Klachi nzima haitamkumbusha.