Hamu Dakika Tano, Ushauri Siku Nzima

Mtu anayetaka kuacha sigara kwa siri asiishi Mafia. Dar es Salaam unaweza kuacha, ukarudia, ukaacha tena, na jirani mnayegawana ukuta asijue hata kama uliwahi kuvuta. Hapa Kilindoni nilimwambia muuza duka, "Leo nipe kiberiti cha jikoni tu, sigara sitaki," nikapanda bodaboda kwenda Utende. Barabara ile siku hizi ni ya lami, haifiki hata kilomita 20, na dereva hakuwa na huruma na roho yangu. Lakini habari ilinitangulia. Mzee mmoja aliyekaa chini ya mwembe akaniita, "Pole, mwanangu, nimesikia." Nikamuuliza nani kafa.

Tarehe yenyewe sikuichagua mie. Mke wangu alisikia redioni kwamba 31 Mei ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, akaona dunia nzima imeshajipanga, kilichobaki ni mumewe kuhudhuria. Binti yetu anayesomea uuguzi Dar akatia mkazo kwa ujumbe wa simu. Baba, ukiacha, ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo yanashuka. Baada ya saa 12 ile sumu ya kaboni monoksaidi inapungua damuni mpaka kiwango cha kawaida. Ukitimiza mwaka, hatari ya ugonjwa wa moyo inabaki kama nusu ya ile ya mvutaji. Nikamjibu ahsante mwanangu, ila hukuniambia dakika ya 21 mtu anafanya nini.

Dakika ya 21 mtu anatafuta ugomvi. Mie niligombana na kuku. Kisha nikagombana na mwenye kuku, ambaye ni shemeji yangu, naye akasema hanijibu kwa kuwa anajua nina arosto. Hakuna kitu kinachoudhi kama kukasirika kwa haki kabisa, halafu ukaambiwa si wewe, ni nikotini.

Wataalamu wana maelezo yao, na siwapingi. Ukivuta, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde kumi hivi, na baada ya saa mbili nusu yake imeshatoka damuni, ubongo ukaanza kudai. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo nzito, na wiki mbili mpaka nne mwili huwa umeanza kutulia. Hamu ikikubana haikai sana: dakika tatu, nne, tano, ikaondoka. Hilo nimelihakikisha kwa saa ya ukutani. Kwa hiyo mie na hamu hatuna kesi kubwa. Kesi yangu ni na wanaokuja kunisaidia kuishinda. Hamu imekwisha saa nne na dakika tano. Msaidizi bado yupo kwenye mkeka mpaka adhana ya adhuhuri, na chai anataka.

Shangazi alileta kombe kwenye chupa ya maji, nikanywa, maana shangazi haulizwi swali. Mjomba akasema ninywe maziwa ya ng'ombe, ati mtu akinywa maziwa kisha akavuta, sigara inamchefua. Nikamwambia, mjomba, dawa hiyo ili ifanye kazi lazima nivute kwanza. Akafikiri, akasema ndiyo. Vijana wa bodaboda wananitafunisha bigijii mpaka taya zinauma. Fundi mmoja wa mashua akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo: hamia kwenye tambuu. Ametafuna tangu ujana wake, na kweli sigara haigusi. Nikaangalia anavyoandaa. Jani, chokaa, katu, popoo, halafu akafungua kikaratasi akanyunyizia kitu cha kahawia. Nini hicho, fundi? "Tumbaku kidogo, ya kuipa ladha." Na popoo yenyewe ina kesi yake: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye orodha ya visababishi tangu mwaka 2004. Yaani nitoke mlangoni niingilie dirishani, tena nikiwa na meno mekundu.

Aliyenishinda ni mwalimu mstaafu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Nasikia unateseka." Akanipa somo zima. Watu wa Kisimani, kule magharibi mwa kisiwa hiki, walikuwa na mji karne nyingi kabla tumbaku haijavuka bahari kutoka Amerika, wakafanya biashara, wakaswali, wakaoa, bila hata pafu moja. Kwa nini mimi nisiweze? Nikamjibu, mwalimu, mji wa Kisimani umeliwa na bahari. Akasema bahari haikuwala kwa sababu hiyo. Hata mie sikusema ni kwa sababu hiyo. Nilitaka tu anyamaze.

Binti akasema kuna plasta za nikotini, unabandika mkononi, mwili unapata dozi yake taratibu bila moshi, na kwamba tangu 2009 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nikaenda duka la dawa. Nikaomba plasta. Kijana wa kaunta, mwenye adabu zake, akauliza, "Kidonda kiko wapi, mzee wangu?" Nikamweleza sina kidonda, ni ya sigara. Akauliza, "Sigara imekuunguza wapi?" Nyuma yangu foleni ilikuwa ya watu wanne, na wote wananijua. Nikanunua plasta ya kidonda, nikaenda nayo nyumbani, na mke wangu akaibandika kwenye pipa linalovuja.

Basi nikahamia kwenye kahawa, na hapa ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia. Jioni barazani muuza kahawa anapita na dele lake, makaa chini yanawaka, vikombe vinagongana mkononi kumwita mteja. Zamani kikombe kimoja na sigara moja vilinitosha. Sasa mkono wa pili hauna kazi, nikaupa kikombe cha pili, kisha cha tatu na kashata. Usiku nimelala chali, macho kwenye boriti, moyo unapiga ngoma, nahesabu nazi zinazoanguka kwa jirani. Nikadhani ni hamu. Kumbe, anasema binti, moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake, na kahawa ile ile inakaa damuni muda mrefu zaidi, nguvu yake kama mara mbili. Maana yake ukiacha sigara, kikombe ni kile kile cha udongo lakini wewe unakunywa viwili. Hili hakulisema mtu redioni tarehe 31 Mei. Kusema acha wanajua. Kusema na kahawa punguza, kimya.

Na wasiniambie habari za Ramadhani. Kila mtu ananiuliza: mbona mwezi mzima unafunga, mchana hugusi? Kwa sababu Ramadhani ina magharibi, jamani! Mvutaji mtamtambua pale futarini: tende moja, mafunda mawili ya maji, kisha hayupo. Uji bado unafuka, yeye yuko nyuma ya nyumba. Hamu yenye saa ya kufunguliwa si hamu, ni miadi. Hii ya sasa naiuliza magharibi yake lini, nao wananitazama kwa huruma.

Kitu ninachokikosa hasa wala si moshi. Ni ruhusa. Mwanamume akisimama gatini Kilindoni anatazama maji bila sababu, watamuuliza amepatwa na nini, au watamtwisha gunia. Akisimama na sigara anaachwa. Anavuta, ana shughuli. Na kuiwasha tu wakati wa kusi ilikuwa kazi ya ufundi: unaupa upepo mgongo, unakunja viganja viwili mpaka vidole vinafungana, njiti unaisugua ndani humo humo, unainamisha uso, na kama umezaliwa pwani inashika kwa njiti ya kwanza. Nilikuwa nawawashia hata mabaharia. Sasa kusi linavuma, ufundi wote ninao, nawashia jiko la mkaa.

Wala usidhani kisiwa kitakusaidia kwa kuishiwa. Huku tunalima nazi na korosho. Tumbaku inatoka Tabora na Urambo huko, inapita kiwandani Dar, inashuka Nyamisati, ndipo inavuka kuja kwetu. Bahari ikichafuka nyanya zinakatika, saruji inakatika, hata vitunguu tunavitafuta kwa tochi. Sigara haijawahi kukatika. Aliye na akili atupe siri hiyo watu wa nyanya.

Kinachonizuia ni sheria. Ile ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Mtaani kwetu mke wangu ameongeza kifungu kinachonihusu mie, na wenye maduka wanakitekeleza kwa bidii ambayo sijaiona kwenye kifungu cha watoto.

Ameenda mbali zaidi. Niliposema navuta chache tu kwa siku, hakubishana. Alikwenda kuazima daftari la madeni la muuza duka, akapiga hesabu halisi. Hesabu hiyo sasa ni mchango wangu. Kila asubuhi kabla sijavaa viatu ananyoosha kiganja: hela ya sigara. Inakwenda kwenye kikoba cha akina mama. Nilipokuwa navuta, kuna siku nilikuwa sina hela nikakopa, au nikaomba pafu mbili kwa rafiki. Sasa haikopwi wala haiombwi. Ijumaa, kusi, msiba, mvua, inatakiwa taslimu.

Kila Juni waziri akisoma bajeti Dodoma, wavutaji hutega sikio kwenye ushuru wa bidhaa. Mwaka huu nikajilaza zangu barazani, hayanihusu. Aliyeisogeza redio karibu ni mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaizima, akanigeukia kwa upole kabisa.

"Baba watoto," akasema, "nasikia sigara itapanda."