Mguu Hauna Kosa

Mxiuu! Hebu mtazameni yule dada anayeshuka kwenye Noah. Ametoka Mweka leo hii, mnaona anavyokanyaga kwa ubavu? Mlima Kilimanjaro haukumshinda. Kafika Uhuru, mita 5,895, na cheti anacho. Kilichomtoa machozi ni buti. Ana nundu pale kwenye shina la kidole gumba, na aliyeshona buti lile hakuamini kwamba binadamu ana upana.

Halafu wasikieni watu: "Dada, una mguu mbaya." Mguu mbaya! Nundu ile si nyama iliyopachikwa. Mfupa nyuma ya kidole gumba umehama ukaelekea mguu wa pili, kidole chenyewe kikawalalia wenzake, kiungo kikabaki kimechomoza nje. Wengi wamerithi kwao, na viatu vyembamba vya kuchongoka vikaja kuchochea. Ikishatoka, hakuna kiatu cha kuirudisha ndani. Cha kupunguza karaha kipo, na maumivu yakizidi ni hospitali.

Sasa nendeni soko la Memorial hapa Moshi mkanunue buti la mtumba. Muuzaji analigeuza, anakuonyesha namba chini ya soli: "Arobaini na mbili, mangi, lako hili!" Namba ile ni urefu, upana haikwambii. Ukilalamika linabana anakupa arobaini na tatu, na hapo ndipo napandwa na hasira. Nafasi imeongezeka mbele ya vidole, ambako hukuwa na shida, na kisigino sasa kinacheza. Kupanda utavumilia, maana ni polepole. Subiri siku ya kilele, uteremke kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka, karibu mita 2,800 kwa siku hiyo hiyo moja, mguu unaserereka mbele kila hatua na nundu inasagwa na mshono.

(Wale wapanda miamba wa ukutani ndio usiseme. Viatu vyao vinabana makusudi, ili kidole gumba kisimame kwenye upenyo wa jiwe. Mwenye nundu akivivaa anajua mwenyewe.)

Fundi viatu wa hapa kona hana maneno mengi. Anachomoa soli ya ndani, anaitupa chini, anakwambia simama juu yake. Mguu ukimwagika pembeni, rudisha buti. Na ukalijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kutwa nzima, tena na soksi nene utakayopandia, siyo hiyo ya kanisani. Angalia mshono usipite juu ya nundu. Buti la ngozi analiweka kwenye foroma akalitanua pale pale panapouma. Haya ya kitambaa cha plastiki hayatii kirahisi. Kamba nazo: yaruke matundu yaliyo usawa wa nundu, kisha kaza vizuri kwenye kifundo ili kisigino kisihame. Ukikutana na Keen au Altra kwenye rundo, usipite haraka. Hao pua zao ni pana.

Mnacheka? Haya, mpagazi anavaa nini? Anavaa alichoachiwa. Mgeni akimaliza safari anamwachia buti juu ya bakshishi, picha inapigwa, makofi. Mguu wa mgeni ni mwembamba. Wa kijana umekua ndani ya kandambili, umetanuka ulivyotaka. Anaingia humo humo na mzigo wa hadi kilo 20 mabegani. Wapo wanaochukua kisu wakalitoboa buti ubavuni ili nundu ipumue, na msitu wa Machame unavyojua kunyesha, maji yanaingia kwa tundu hilo hilo. Kuna watu wa shirika la KPAP hapa mjini wanaoazimisha wapagazi vifaa bure, nawapa heshima yao, lakini hata huko utachagua katika vilivyoletwa.

Na nyie wenye makampuni mnaopita hapa mkijifanya hamsikii! Mgeni mnamuuliza anakula nyama au hali, analala hema la peke yake au la wawili, karanga zinamdhuru au hazimdhuru. Mpagazi hamumuulizi hata namba ya kiatu, sembuse upana. Mxiuu!