Namna ya Kumtazama Superman Akichapwa na Bado Ukampenda

Mwaka 1978 kampuni ya DC Comics ya Marekani ilitoa katuni ambamo Superman na bondia Muhammad Ali wanapanda ulingoni, wanazichapa, kisha wanaiokoa dunia kwa pamoja. Kuirudia leo kuna adabu zake. Zifuate hizi kwa mpangilio.

1. Tafuta meza pana. Kurasa zake 72 ni kubwa kuliko za katuni za kawaida, nalo toleo la 1978 ni la kutandazwa kama ramani. Kuisomea kwenye simu ni kumdhulumu mchoraji, Neal Adams, aliyechora kila msuli kana kwamba utaulizwa kwenye mtihani.

2. Usifungue upesi. Jalada linazunguka mbele na nyuma, na watazamaji wamejaa ukumbi mzima. Mtafute Frank Sinatra, kisha Andy Warhol, kisha ndugu wa Jackson 5. Asiyewapata hajaruhusiwa kuingia ndani.

3. Mantiki iache mlangoni pamoja na viatu. Viumbe wa sayari nyingine, Scrubb, wakiongozwa na Rat'Lar, wanadai dunia itoe bingwa wake apigane na jitu lao, Hun'Ya. Ikikataa, itaangamizwa. Superman anajitokeza. Ali anampinga: huyu si mzaliwa wa dunia! Hapo tulia kidogo, maana hoja ni nzito. Superman katoka sayari ya Krypton. Mwenye haki ya kutuwakilisha ni Ali, mtoto wa Louisville.

4. Raundi zao usiziruke hata moja. Rat'Lar anaamuru wawili hao wamalizane kwanza, tena chini ya jua jekundu linalomvua Superman nguvu zake zote. Ali amekwisha kumfundisha ndondi, lakini mafunzo ya muda mfupi hayamfikishi mtu kwa bondia aliyeanza kuvaa glavu akiwa na miaka 12. Superman anachakazwa. Uso unavimba, miguu inalegea, na bado haanguki, hadi Ali mwenyewe anasita na kumtaka refa asimamishe pambano. Tazama picha hizo polepole. Mmoja alizaliwa na nguvu, mwingine alizitafuta kwa jasho; zilipoondolewa za kuzaliwa, ikaonekana thamani ya jasho. Ikaonekana pia kwamba ushujaa wa Superman haukuwa kwenye misuli: alikubali kupigana bila kinga yoyote, akasimama mpaka mwisho.

5. Hesabu kazi ya kila mmoja. Ali anapokabiliana na Hun'Ya, Superman anajifanya Bundini Brown, msaidizi wa Ali wa kwenye kona, apate kupenya na kuzivuruga meli za maadui. Ali anaimaliza kazi ya ulingoni. Rat'Lar anapotaka kushambulia hata baada ya kushindwa, Hun'Ya mwenyewe anamgeuka, kwa kuwa bondia wa kweli havumilii ahadi ya pambano kuvunjwa. Huo ndio ushirikiano: kila mtu na lake, wala hakuna anayepamba hadithi ya mwenzake.

6. Weka kalenda pembeni. Mwaka 1967 Ali alinyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam. Baadaye aliurudisha, lakini Februari 1978 bondia Leon Spinks alimshinda kwa pointi na kumpokonya. Septemba mwaka huohuo Ali akautwaa tena. Katikati ya misukosuko hiyo, Mwislamu mweusi aliyewahi kuonekana msaliti na Wamarekani wengi anachorwa akiitetea dunia nzima, na mwishoni anashiriki ukuu sawa kwa sawa na shujaa maarufu kuliko wote wa katuni. Kisa ni cha ajabu. Heshima iliyomo ndani yake si ya mzaha.

7. Usiifungie katuni hii kabatini. Mpe mtoto anayeamini kwamba shujaa ni lazima apae angani. Mwambie aanze na raundi zile ambamo hakuna anayepaa.