Addis Imeninyoosha

Jamani, chai ya asubuhi nimelipia na sijainywa. Tuanzie hapo, maana hiyo njaa ndiyo niliyotembea nayo siku nzima.

Iko hivi. Guesti niliyofikia, Addis Ababa, kijana wa mapokezi kaniambia kwa Kiingereza kwamba chai ni kuanzia mbili mpaka nne. Mimi nikajiongeza. Nikasema huyu kaongea Kiingereza, basi na saa ni za Kizungu, mbili yake ni saa nane mchana. Nikawasifu kimoyomoyo, taifa linaloheshimu usingizi. Nikavuta blanketi. Kumbe Wahabeshi saa zao ni hizihizi zetu! Wanahesabu tangu kunapokucha, mbili yao ni saa mbili asubuhi, ileile ya kwa bibi yako kijijini. Wazungu wote pale guesti wamejumlisha, wametoa, wamehesabu vidole, wakawahi, wakala mayai. Mswahili, ambaye hakutakiwa kupiga hesabu yoyote, kaikuta meza inafutwa.

Ukutani kuna kalenda. Nikaisogelea nijifanye nina shughuli. Wenzetu mwaka wao una miezi 13, na wako nyuma yetu miaka saba au minane, inategemea umefika mwezi gani. Kwa hesabu hiyo deni la duka la Mangi bado hata sijalikopa. Nilitamani kumpigia nimwambie. Bando halikuwepo.

Nikatoka na begi langu mgongoni. Begi zima. Kuliacha chumbani sikuthubutu, mlango wenyewe unafungwa kwa msumari uliopindwa. Sasa sikieni, mji ule uko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Mimi ni mtu wa Dar, mlima wangu ni ngazi za ghorofa za Kariakoo, tena nikitumwa. Hatua chache tu kifua kinapiga filimbi. Nikasimama, nikajifanya naangalia majengo. Bibi mmoja mwenye fimbo na shuka jeupe kanipita. Akageuka kuniangalia, akanionea huruma, akaendelea kupanda. Hata kuhema hakuhema!

Halafu kule kila geti wanakukagua. Geti moja, sitaji la wapi, mlinzi kaniambia nifungue begi. Nyuma yangu foleni ya wanafunzi wa sekondari, sare zimenyooka. Akatoa mswaki. Akatoa soksi, moja. Akatoa dagaa wa Kigoma niliowafunga kwenye gazeti, akawanusa, akamwita mwenzake naye anuse. Kisha akatoa kaptula yangu ya kulalia. Jamani, si angeirudisha tu? Akainyanyua juu, usawa wa jua, aone kama kuna kitu ndani. Jua likapita lote. Wanafunzi wakainama kwa adabu, mabega yanatikisika.

Basi nikaingia Makumbusho ya Taifa, kwenda kumuona Lucy. Mnamjua Lucy? Mifupa iliyofukuliwa Hadar, huko Afar, mwaka 1974. Ana miaka milioni 3.2. Jina hilo kalipata kwa sababu kambini walikuwa wanapiga wimbo wa Beatles unaomtaja Lucy. Wenyeji wanamuita Dinkinesh. Kimo chake mita moja na kidogo, na kilichopatikana ni kama asilimia 40 tu ya mwili. Mimi yangu ninayo yote, na hakuna aliyewahi kuniwekea hata kiti.

Nikasimama mbele ya kioo. Nikavua kofia. Nikainamisha kichwa, nikamwambia pole bibi yetu, umetoka mbali. Nimemaliza ndiyo mzee mmoja anayetembeza wageni akaniambia taratibu kwamba hizi ni nakala. Mifupa yenyewe huwa inafungiwa stoo, isiharibike. Sawa, wana akili, ningekuwa nayo hata mimi ningeificha. Ila ile pole yangu niliyoitoa mbele ya watu nani ananirudishia?

Mzee akauliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafurahi huyo! Eti ninyi mna Zinjanthropus, aliyegunduliwa Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, na mna nyayo za Laetoli, na hao waliokanyaga pale inaaminika ni ukoo mmoja na huyu Lucy. Akasema Zinja mwenyewe yuko makumbusho ya Dar, pale mtaa wa Shaaban Robert. Umemuonaje? Nikamwambia huwa tunaonana. Mtaa wenyewe naujua, nimewahi kusukuma gari ya mtu pale. Akaniuliza fuvu lake ni rangi gani. Nikamwambia inategemea na taa.

Nikaaga.

Kutoka hapo unapandisha, na kule kila kitu kinapandisha, mpaka Sidist Kilo. Katikati ya mzunguko kuna mnara wa waliouawa na Waitaliano Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua mtawala wao, Graziani. Siku tatu waliua watu mitaani na majumbani. Pale nilishusha begi chini na sikulalamika chochote.

Mbele yake ni chuo kikuu, na ndani yake kasri la zamani la Haile Selassie, siku hizi makumbusho. Unaonyeshwa chumba alicholala mfalme, na bafu lake. Nje kuna ngazi ya zege inayojizungusha kwenda juu na haifiki popote. Waliijenga Waitaliano, kila kidato mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini, kuanzia 1922. Walipotimuliwa, Wahabeshi wakamweka simba wa Yuda juu kabisa, akae. Mimi sikuipanda. Nilisimama chini nikahesabu vidato tu, na kwa kuhesabu tu pumzi ilinikatikia Mussolini akiwa bado kijana.

Njaa sasa inaniita jina na la baba. Nikaingia mgahawa, nikaagiza kitfo, nyama ya kusaga yenye samli na pilipili. Mhudumu akatikisa kichwa. Ijumaa. Waorthodoksi Jumatano na Ijumaa hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na mgahawa ule ulikuwa umefunga nao. Wiki ina siku saba, nyama nimeikumbuka Ijumaa! Akaniletea beyaynetu: injera, mkate wao mpana, imefunika sinia zima, juu yake vilima vya shiro, dengu, mboga za majani, viazi na kiazi chekundu. Nikasema kula kwa mkono si tatizo, nimezaliwa nako. Nikamega, nikafinyanga tonge la ugali. Injera haifinyangwi. Imechachushwa, laini, ina matundumatundu, unatakiwa uchote nayo. Mchuzi ukashuka kwenye kiganja, ukapita saa, ukaingia kwenye kiwiko.

Meza ya pili kulikuwa na familia. Mama yao kashindwa kuvumilia. Akakunja kipande cha injera, akakishindilia shiro, akaja nacho mpaka mdomoni kwangu. Wanaita gursha, ni heshima, na hukatai. Mwanaume mzima, ndevu hizi, nafungua mdomo kwa mke wa mtu! Nikamtupia jicho mumewe. Naye akainuka, ana tonge lake, kubwa zaidi. Kwetu mara ya mwisho kulishwa hadharani ilikuwa keki ya harusi, na hiyo nayo iliishia puani. Pilipili yao, berbere, ikanishika kooni, machozi yakatoka. Wakajua nimeguswa na ukarimu, wakanilisha tena.

Jioni nikasema ninywe kahawa nilale. Kibandani kwa mama mmoja, majani mabichi sakafuni, ubani unafuka, bisi kwenye kikapu. Akakaanga buni mbele yangu, akatwanga, akachemsha kwenye birika lao, jebena. Kikombe cha kwanza, abol. Nikashukuru, nikainuka. Wote wakanitazama kana kwamba nimetukana. Kuna cha pili, tona. Kuna cha tatu, baraka. Na kigoda chenyewe kifupi, magoti yanagusa masikio. Nilipomaliza cha tatu moyo unakimbia, miguu imelala. Vijana wawili wakaninyanyua, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, wakanivalisha begi, wakanisukuma barabarani.

Nimekwenda kidogo nasikia kelele. Mama anakuja mbio na jebena mkononi, vijana nyuma yake, na wateja. Nikageuka kuwapungia, nikajua wananiaga. Kitu kikanigonga mapajani. Kigoda chao. Kimenasa kwenye mkanda wa begi, kinaning'inia, nimeondoka nacho.

Nikaanza kueleza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa mikono. Pale kona kulikuwa na askari. Akaja polepole, akakitazama kigoda, akanitazama, akanionyesha kwa kidole: fungua begi.