Bastola Inayopiga Teke

Katika filamu ya Magnum Force ya mwaka 1973, vijana wa polisi wa trafiki wanakutana na Inspekta Harry Callahan kwenye ukumbi wa kulengea shabaha, na mmoja wao anamuuliza anatia risasi za aina gani katika lile libastola lake. Swali la heshima kabisa. Miaka miwili nyuma, katika Dirty Harry, mtu huyuhuyu alikuwa ameitambia dunia kwamba .44 Magnum yake haina mpinzani, na wanaume wengi walitoka sinema wakaelekea dukani, hata bastola ile ya Smith & Wesson ikawa adimu. Sasa vijana wametega masikio wasikie siri ya simba. Naye Harry, bila aibu, anawaambia kwamba anatia risasi nyepesi, apate kuimudu bastola yake.

Jibu hilo halikumwingia mtu. Mashabiki walioikariri filamu ya kwanza neno kwa neno hawakuisikia ya pili, wakaendelea kununua risasi za kuangushia dubu na kwenda kutobolea karatasi. (Wajuzi wa mambo wana ugomvi mwingine na Harry: alidai risasi yake hiyo inatikisa mkono kidogo kuliko .357 iliyotiwa risasi za shabaha, na hadi leo wazee wa bastola hucheka, maana risasi za shabaha ndizo pole kuliko zote.)

Karatasi haina mbavu. Haijui kama imetobolewa na risasi ya kuulia dubu au ya kutishia panya; inachojua ni tundu liko wapi. Lakini mkono unajua, na mwili una akili zake. Bastola ikishamzaba mtu teke mara tano sita, mkono unaanza kujihami mapema: macho yanafumba, bega linakaza, kifundo kinasukuma mtutu chini sekunde ile ile triga inapovutwa. Kwa anayetumia mkono wa kulia, tundu hutokea chini kushoto. Mwenyewe huvilaumu vilengeo, akaviparuza na bisibisi, halafu akalaumu upepo, hata kama yuko ndani ya ukumbi uliofungwa pande zote.

Makocha wana dawa yake, nayo ni ya kikatili kidogo. Humjazia mwanafunzi magazini bila yeye kuona, wakichanganya risasi za kweli na bandia. Ikifika zamu ya bandia, triga inalia "tiki", hakuna mlipuko wowote, lakini mtutu unainama kama kuku anayedonoa mtama. Ukumbi mzima umeona. Hakuna tena cha kusingizia.

Marekani, ambako mamilioni ya bastola zinaishi majumbani na watu wengi hujijazia risasi zao wenyewe kwa mashine za mkono zilizofungwa mezani gereji, tiba ya pili ni kupunguza teke lenyewe. Bastola ya .45 iliyobuniwa na John Browning, ambayo jeshi la nchi hiyo liliipokea mwaka 1911, kwa kawaida hurusha kichwa cha risasi chenye uzito wa greni 230, yaani gramu 15 hivi, kwa mwendo wa karibu mita 250 kwa sekunde. Mlenga shabaha hubadilisha akatia kichwa cha greni 200, au 185, na kukiendesha polepole. Greni 200 kwa mita 230 kwa sekunde, ukizidisha uzito kwa mwendo, kunapunguza msukumo kwa kiasi cha moja ya tano. Kwenye makaratasi ni tofauti ndogo. Kwenye kiganja, baada ya risasi mia moja, ni tofauti ya mtu anayeweza kushika kikombe cha chai jioni na asiyeweza.

Faida yake inaonekana wazi Camp Perry, kambi iliyoko ufukweni mwa Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, ambako mashindano ya taifa ya kulenga shabaha yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Mchezo wa jadi wa pale hautaki mikono miwili. Mmoja unashika bastola, mwingine unakaa mfukoni. Katika raundi ya haraka mshindani ana sekunde 10 za kufyatua risasi tano kwenye shabaha iliyo yadi 25 mbele yake, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita nane na nusu tu. Anayepigwa teke kubwa hutumia nusu ya sekunde hizo akiitafuta shabaha upya. Mwenye risasi pole bastola yake hunyanyuka kidogo na kurudi mahali pake. Ndiyo maana unaweza kumwona mzee mwenye tumbo na miwani minene akimwaibisha kijana mwenye misuli ya kubebea magunia. Hata Olimpiki, bastola za mfyatuo wa haraka wa mita 25 zilitumia .22 Short, karisasi ka kudharauliwa, mpaka Michezo ya Athens ya 2004.

Kwa wenye rivolva za .38 Special kuna kichwa cha greni 148 kisicho na ncha, bapa kabisa juu, kilichozamishwa hadi kikalingana na mdomo wa ganda. Ukikiona utadhani fundi alikisahau. Uzuri wake ni kwamba hakirarui karatasi. Kinakata duara safi, na msimamizi anayehesabu alama anajua bila kuchungulia kama mstari umeguswa au haukuguswa. Urafiki mwingi umeokolewa na kipande hicho cha risasi laini.

Wapo waliokwenda njia iliyo kinyume. Elmer Keith, mwandishi na mfugaji wa Idaho aliyevaa kofia pana kuliko mlango, alitumia miaka akiyasumbua makampuni yatengeneze kitu kikali zaidi, na .44 Magnum iliyoingia sokoni 1956 ilitokana kwa sehemu kubwa na usumbufu wake. Kabla ya hapo alikwisha kulipua bastola mkononi katika majaribio yake. Alikuwa mwindaji, na porini hoja zake zilikuwa na mantiki. Tatizo ni wasomaji wake waliokuwa wakiwinda karatasi.

Basi mtu ameamua. Atajijazia risasi pole. Hapo ndipo vituko vinapohamia nyumbani.

Kwanza maganda. Maganda yaliyotumika lazima yasafishwe, na watu wengi hutumia mashine inayotikisika ikiwa imejaa maganda ya jozi yaliyosagwa. Inakaa gereji na kuvuma saa nzima, na chumba kilicho juu yake huwa cha kulala. Halafu fataki, vile vikombe vidogo vinavyowasha baruti: vya .45 kwa miaka mingi vilikuwa vya ukubwa mmoja, kisha viwanda vingine vikaanza kutengeneza maganda yenye tundu dogo. Ganda moja la aina hiyo likijipenyeza kwenye ndoo, mkono wa mashine unagoma katikati. Jamaa anausukuma kwa nguvu, jambo ambalo si busara mbele ya kitu kilichotengenezwa kiwake kikigongwa.

Kubwa zaidi ni baruti. Ganda la .38 Special lina asili ya zama za baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa, kwa hiyo kipimo kidogo cha baruti ya kisasa hukaa chini kabisa na kuacha shimo tupu. Simu inalia, mtoto anauliza yuko wapi paka, na mtu akirudi mezani hakumbuki kama ganda hili limeshatiwa. Anatia. Vipimo viwili vinaingia bila kumwagika hata punje, na risasi iliyokusudiwa kuwa pole kuliko zote inakuwa bomu. Wenye uzoefu hupanga maganda kwenye kibao na kuyamulika yote kwa tochi kabla ya kuyafunga vichwa. Wengine hutafuta baruti yenye ujazo mkubwa. Ile iitwayo Trail Boss, yenye punje nyepesi zenye tundu katikati, ilipendwa kwa sababu hiyo, kwamba hujaza ganda na kosa la kutia mara mbili linaonekana kwa macho.

Upande wa pili wa kosa ni kutotia kabisa, au kutia kidogo mno. Watu hudhani kupunguza baruti hakuna hatari, kana kwamba ni kupunguza chumvi. Vitabu vya vipimo vina kiwango cha chini kama vilivyo na cha juu. Risasi dhaifu hutoa sauti ya "pu!" ya kusikitisha, na kichwa chake hubaki kimekwama ndani ya mtutu. Mwenye akili huacha hapohapo, akaondoa risasi zote na kupitisha ufito mtutuni. Mwenye haraka hufyatua ya pili nyuma ya ile iliyokwama, na mtutu uliogharimu mshahara unavimba au kupasuka.

Na upole nao unaweza kupita kiasi. Katika mashindano ya kikoboi, ambako watu wazima huvaa buti na kofia za karne ya 19 na kugonga vibao vya chuma vilivyo karibu, tamaa ya kushinda kwa kasi iliwafanya baadhi kupunguza baruti mpaka ilibidi kanuni iwekwe: risasi isiende chini ya futi 400 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 440 kwa saa. Katika mashindano ya kulenga shabaha huku mtu akikimbia nako huzidisha greni za kichwa cha risasi kwa futi za mwendo wake kwa sekunde na kugawanya kwa 1,000, na jibu likiwa chini ya 125 mshindani huruhusiwa kuendelea kucheza, ila alama zake hazihesabiwi. Wapo wanaojaza risasi zao hadi 126 kamili jikoni kwenye joto, wakaja kupimwa asubuhi ya baridi.

Wale wa .45 wana mtihani wao. Bastola hiyo hutegemea teke lake kujiendesha: sehemu ya juu inarudi nyuma, inalitupa ganda na kupokea risasi mpya. Ukipunguza teke ukaiacha springi ya kawaida ya pauni 16, bastola inakataa kazi, ganda linabanwa mlangoni nusu ndani nusu nje, na sekunde 10 zinakwisha. Lazima springi nayo ilegezwe, na kuna mtihani rahisi wa kujua kama vimepatana. Maganda yakiruka hadi kwa jirani wa tatu, springi ni laini mno au baruti imezidi. Yakidondoka kwa uvivu juu ya kiatu, springi inaizidi nguvu risasi. Yakitua hatua mbili tatu kutoka kwa mwenyewe, mambo yako sawa, na mzee hana haja ya kutambaa majanini na ndoo akisaka ganda lililomtoka, wala kuomba radhi kwa bibi wa mstari wa jirani ambaye ganda la moto limemwingia kwenye ukosi na kumchezesha ngoma asiyoijua, bastola ingali mkononi, msimamizi akipiga kelele mtutu ubaki umeelekea mbele.