Namna ya Kumuua Ng'ombe wa Jirani Bila Kumgusa

Kazi hii haitaki kisu wala sumu. Ukiishi Kangemi, Kawangware, Uthiru au Waithaka hapa Nairobi, zana zote unazo nyumbani.

1. Funga maganda ndani ya mfuko wa nailoni. Viazi, ndizi, ugali wa jana: piga fundo, tupa kando ya barabara. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huzoa kwa ulimi, humeza upesi, akaja kucheua baadaye. Maganda yatasagika, nailoni haitasagika. Itajisokota na nyingine tumboni iwe donge, na mnyama atakonda huku tumbo limejaa. Kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki kuanza tarehe 28 Agosti 2017, kuna ng'ombe waliochinjwa Nairobi wakatolewa mifuko hadi 20. Mifuko ya magendo bado ipo, kwa hiyo hujachelewa. Ukame ukizidi, wafugaji wa Kimaasai huleta mifugo hadi kando ya Uhuru Highway, na ng'ombe mwenye njaa hachagui.

2. Acha misumari na vipande vya waya pale ulipojenga. Vikimezwa pamoja na napia, hutua kwenye tumbo la pili, ambalo limetenganishwa na moyo kwa utando mwembamba tu. Kila tumbo linapojikaza, waya husogea mbele. Mtazame akiteremka mteremko: amekunja mgongo, viwiko vya mbele amevitanua, anaguna kila hatua. Hayo ni maumivu.

3. Mmwagie unga na mikate iliyochacha ya hotelini, ndoo nzima kwa mpigo. Wanga mwingi wa ghafla hugeuka asidi, vijidudu vinavyomsagia majani hufa, na tumbo husimama. Ataharisha, kisha atalala asiinuke.

4. Akivimba, ngoja asubuhi. Ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, utainuka na ukiupiga kidole utalia kama ngoma. Gesi imekosa njia na inabana mapafu. Anaweza kufa kwa saa chache, kwa hiyo kungoja kunatosha kabisa.

Basi kama hutaki kuua, na naamini hutaki, pindua kila hatua. Maganda yatie kwenye ndoo, bila mfuko, umpelekee mwenye ng'ombe yakiwa mabichi. Fundi akimaliza, pitisha sumaku chini uokote misumari. Mfugaji naye amwombe daktari wa mifugo ammezeshe ng'ombe sumaku. Hukaa tumboni maisha yote ikishika vyuma. Chakula kipya kiongezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na majani makavu yatangulie lusani mbichi.

Akivimba, msimamishe, miguu ya mbele iwe mahali pa juu, mtembeze, na piga simu kwa daktari saa hiyo hiyo. Usimdunge kisu kwa kubahatisha. Upande huu wa jiji hatuna kisingizio: Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari wa mifugo papo hapo Upper Kabete.

Ng'ombe mmoja kwenye banda la mabati Kawangware ndiye karo ya mtoto na maziwa ya chai ya ploti nzima. Anakula tunachotupa. Tutupe kwa adabu.