Wa Tatu Kutoka Kushoto

Picha ya zamani ya shuleni huingia katika kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja alfajiri, mtumaji akiwa hajapiga hata mswaki, ikiwa na maneno mawili chini yake: "Mnaikumbuka hii?" Nia huwa njema. Mtumaji anataka wenzake wacheke, wayakumbuke makande ya Jumatano, waitane majina ya utani, kisha kila mtu aende kwenye shughuli zake akiwa na furaha. Kumbe amefungua mashauri. Ikifika saa nne asubuhi kundi zima limekuwa mahakama isiyo na hakimu, ingawa mmoja wa wanakundi ni hakimu kweli.

Chanzo cha mashauri hayo ni jinsi picha yenyewe ilivyopatikana. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, Watanzania walipokuwa wakipanga foleni ya sabuni na sukari, kamera katika shule ya bweni ilikuwa habari ya mjini. Mpiga picha alifika kwa baiskeli siku ya mahafali, Yashica ikining'inia shingoni, na ndani yake mkanda wa picha 36. Mkanda haukusafishwa mpaka uishe. Wanafunzi wakishindwa kuumaliza, ulimaliziwa kwenye harusi ya kijiji cha jirani, na aliyetoa kianzio mwezi wa kumi aliipata picha yake baada ya mwaka mpya, au hakuipata kabisa. Wapo waliojipanga, wakabana matumbo, wakamulikwa na flashi tupu: mkanda ulikuwa umekwisha zamani, ila mpiga picha hakupenda kuwavunja moyo wateja. Kwa kuwa gharama iligawanywa, picha moja ilibeba watu kumi na wawili, na mashati mazuri yalikuwa matatu, yaliyozungushwa kutoka kwa mtu hadi mtu kati ya picha na picha. Hili la mashati litarudi.

Picha iliyosalimika ilihamia kwenye albamu au fremu, na huko nako haikuwa salama. Joto na unyevu huilainisha jelatini iliyo juu ya karatasi ya picha, ikashikana na kioo, na anayejaribu kuibandua hubaki na karatasi nyeupe mkononi na mwalimu mkuu kwenye kioo. Rangi nazo hazifi pamoja. Ya samawati ikitangulia kufifia, nyekundu hutawala, na darasa zima huonekana limetoka kulima.

Ili ifike kwenye kundi, picha hupigwa picha. Mwenye albamu huiweka mezani bila kuitoa kwenye nailoni yake, chini ya taa, akaiinamia na simu. Matokeo yake hayana siri: mwanga wa taa umemfunika mtu mmoja usoni, kidole gumba kimekaa juu ya miguu ya waliopiga magoti mstari wa mbele, pembeni kuna kipande cha kitambaa cha meza na sahani yenye ganda la ndizi, na katikati kabisa, kwenye nailoni, anaonekana mzee mwenye singlendi akiwa amekunja uso. WhatsApp nayo huibana picha hiyo ili isafiri haraka. Inayowafikia wanakundi ina vivuli kumi na viwili vyenye meno, na wa kwanza kutambuliwa na wote ni yule mwenye singlendi.

Ndipo huanza kazi ya kutambuana. Mmoja huuliza wa tatu kutoka kushoto ni nani. Mwingine hujibu kwa swali: kushoto kwao au kushoto kwetu? Suala hili limewahi kuchukua asubuhi nzima katika makundi yenye wahandisi. Majina halisi hayasaidii, kwa sababu hayakuwahi kutumika. Watu walijuana kwa majina ya utani, na majina hayo hayajui vyeo. Yule hakimu, ambaye mtaani kwake watu wazima humwamkia kabla hajawafikia, humu anaitwa Ukoko, kwa heshima ya sufuria alizozikwangua jikoni mwa shule. Hulalamika kidogo, halafu huitikia.

Hatari kubwa zaidi katika hatua hii ni kumzika mtu. Katika kundi moja, aliyesimama nyuma kabisa alitambuliwa na mwenzake aliyeandika, bila kuulizwa, kwamba huyo ni marehemu siku nyingi. Kabla chai haijapoa zilikuwa zimemiminika pole, dua na viganja vilivyounganishwa. Mmoja alisimulia jinsi marehemu alivyokuwa mkarimu. Mwingine akakumbuka kwamba marehemu alimwibia ndoo, ila akamsamehe palepale mbele ya wote. Mweka hazina, mtu asiyependa kuchelewa, aliweka namba ya simu ya rambirambi kwa familia, na mchango wa kwanza ukaingia. Saa sita mchana marehemu akaandika kutoka Kahama: "Jamani, nipo. Nilikuwa sina bando." Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikumaliza mambo. Aliyechanga alitaka arudishiwe, na ya kutolea juu yake. Mweka hazina alishauri fedha hiyo ibaki kwenye mfuko wa kundi kwa matumizi ya baadaye, na marehemu akauliza matumizi gani hayo. Kuhusu ndoo, alisema hakuiba, aliazima, na msamaha ule haukumhusu.

Baada ya nani huja lini. Wataalamu wa kundi hutazama mavazi: bugaluu na afro huirudisha picha kwenye miaka ya 1970, fulana ya kampeni ya urais wa vyama vingi haiwezi kuwa ya kabla ya 1995. Wengine huomba igeuzwe, wasome maandishi ya kalamu nyuma yake. Hapo ndipo mtu mmoja huingiwa na baridi. Mtumishi wa umma Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, na wako ambao tarehe zao za kuzaliwa zilisogezwa mbele kidogo wakati wa kutafuta ajira. Mtu ambaye faili lake linasema amezaliwa 1972 hafurahii kuonekana katika "Mahafali ya kidato cha nne, 1984" akiwa na ndevu. Atasema huyo ni kaka yake. Atasema mwandiko huo si wa kuaminika. Wenzake, ambao walinyoana naye ndevu hizo kwa wembe mmoja, huandika "sawa sawa" na kuongeza nyuso zinazocheka mpaka machozi. Pengine hii ndiyo fadhila pekee ya picha kubanwa: mwaka hausomeki vizuri.

Mashati hurudi hapa. Mwenye shati hulitambua shati kabla hajamtambua aliyelivaa, na huuliza liko wapi. Madeni ya aina hii hayafi kwa kupitiwa na muda, na shilingi za wakati ule hazihesabiki kwa za leo, kwa hiyo hulipwa kwa matani.

Ajali nyingine ni fupi. Picha ya kidato cha sita iliyokusudiwa kwa marafiki huenda kwenye kundi la ukoo, ambako mama mkwe huuliza binti aliyeshikwa mkono ni nani. Tangu 2017 WhatsApp humruhusu mtumaji kuufuta ujumbe kwa wote, lakini huacha alama kwamba kitu kimefutwa, na ukoo ulioona alama hiyo hauulizi tena binti ni nani. Unauliza kuna nini.

Hatimaye hujitokeza anayetaka picha safi ili akaisafishe na kuitundika sebuleni. Njia ipo: itumwe kama dokumenti, isibanwe. Ikitumwa hivyo, nusu ya kundi huandika kwamba haifunguki, wengine huilaumu kwa kumaliza bando, na mmoja, kwa kawaida aliyekuwa kiranja, hupendekeza mwenye albamu aikabidhi picha yenyewe ipelekwe studio mara moja tu na kurudishwa. Mwenye albamu anajua nafasi ngapi ndani ya albamu hiyo zimebaki na gundi tu kutokana na picha zilizoazimwa mara moja tu. Hujibu kwa upole kwamba kwa bahati mbaya albamu iko kwa dada yake Singida. Anapokumbushwa kwamba asubuhi aliipiga picha juu ya meza yake mwenyewe, ganda la ndizi likionekana, husema dada amekuja kuichukua sasa hivi.